Ndevu za Bwana Harusi

Jamani, nicheke au nilie? Kwaya yetu hapa Kambarage ilionyesha igizo la nyimbo kuhusu familia ya Kiyahudi, ambamo baba anagombana na mabinti wanaojichagulia wachumba. Binti yangu Kabula ndiye aliyekuwa bibi harusi. Nilipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Mara bwana harusi, mwenye ndevu za kufika kifuani, akakanyaga glasi kwa makusudi, ikapasuka. Ningejuaje kuwa ni mila yao?

"Hajamuoa, ameshaanza kuvunja vyombo!"

Nikapanda jukwaani, nikamkaba shingo, nikavuta ndevu. Zikabaki mkononi.

Kumbe ni mume wa dada yake Kabula, mkwe wangu, ambaye kwa heshima yetu Wasukuma sijawahi kumpa hata mkono.

"Shikamoo, mama," akasema, kichwa kikiwa bado kwapani mwangu.