Mfupa Badala ya Pete

Siku kaka yangu Mahad alipokwenda kuposa, mimi, dada yake wa pekee, niliyekabidhiwa pete ya dhahabu niibebe kwa heshima mpaka Bura, nilimwekea bibi wa mchumba mfupa mkononi. Mfupa, jamani, uliokwisha kuliwa nyama. Na hata hiyo aibu ingeweza kuchekwa ikapita, ila nilipoulizwa ni mfupa wa nini, nilijibu ukweli.

Ngoja nirudi nyuma, maana nikiishia hapo mtadhani nina wazimu.

Kazi yangu ni redio. Natengeneza vipindi hapa Garissa mjini, na wakati ule nilikuwa nimezama katika kipindi kimoja kuhusu nyama ya mwituni: nani anawinda, nani anakula, na kama ipo namna ya kuwinda kwa uangalifu bila kummaliza mnyama. Jambo hilo lilinishika vibaya. Nilimwuliza sheikh mmoja, akanieleza kwamba swala ni halali akichinjwa kwa jina la Mungu, lakini kuua usichokusudia kula ni dhambi. Nikamwuliza afisa wa wanyamapori, akanikatiza mapema: hapa Kenya kuwinda ni marufuku, uangalifu ama bila uangalifu. Lakini (na hapa ndipo shetani alipojipenyeza) afisa huyo alikuwa na sanduku la mifupa iliyonaswa kwa wauza nyama wa magendo, akanifundisha kuitofautisha. Huu wa twiga, huu wa swala, na huu, mwembamba kama kalamu, wa digidigi, yule paa mdogo anayetukatia barabara tukielekea Dadaab, macho makubwa, miguu kama vijiti. "Ukishaushika mara moja huusahau," aliniambia. Kweli sikuusahau. Tangu siku hiyo sikula mchuzi bila kuchungulia.

Kuna jambo jingine, na watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Kwa mfugaji, sheria ya serikali juu ya nyama ya mwituni si kitu cha kumkosesha usingizi. Kinachomuuma ni kwamba mwindaji, machoni pa wafugaji, ni mtu asiye na mifugo. Kumwambia mzee mwenye ngamia kwamba chunguni mwake mna swala ni kumwambia zizi lake ni tupu. Nililijua hilo. Nilikuwa hata nimelirekodi.

Basi tukaenda Bura, watu wachache kwenye gari la kukodi, tukiongozwa na ami yetu, Adeer Salat (adeer kwetu ni ami, na ndivyo tumwitavyo mzee yeyote wa heshima), mdogo wake marehemu baba yetu, ambaye ndiye aliyekuwa na maneno ya kuposea. Kisanduku cha pete kilivunjika njiani (Mahad alikikalia kwa wasiwasi), kwa hiyo pete ikazungushiwa karatasi ya tishu, nikaitia mkobani. "Hodan, usiiguse mpaka Fatiha isomwe," Mahad aliniambia. Alikuwa amemngojea Fardosa miaka, tangu wakisoma pamoja, na baba yake Fardosa alikuwa amekwisha kuwarudisha wajumbe wetu mara moja kwa sababu hakuridhika na biashara ya simu ya Mahad. Mzee huyo, Mzee Bare, hakuamini mali isiyokula majani. Kwa hiyo siku ile haikuwa ya mchezo.

Tulipokewa vizuri sana. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi wanawake ndani, na kati yetu palikuwa na pazia tu. Nikawekwa karibu na Ayeeyo Dhahabo (ayeeyo ni nyanya), mama yake Mzee Bare, bibi mkongwe asiye na meno, anayesikia nusu ya unayomwambia na kujibu yote kwa sauti ya mtu anayeita ngamia. Mtu mwenye adabu angemwuliza habari za afya yake. Mimi nilimwuliza kama amewahi kula nyama ya mwituni.

"Naa, huyu msichana ana maswali!" akacheka. Kisha akajibu, tena kwa raha, na ole wangu, kinasa sauti kilikuwa nyumbani. Alisema zamani, ukame ukimaliza mbuzi, baba yake alikuwa akitoka na upinde alfajiri bila kumwambia mtu, kwa sababu ya haya. Lakini hata yeye alikuwa na masharti yake. Hakuwinda kwenye maji, kwa kuwa mnyama aliyekuja kunywa ni mgeni kama wewe. Jike mwenye tumbo hakumgusa. Na digidigi hakumpenda kabisa.

"Kwa nini, Ayeeyo? Si nyama yake ni laini?"

"Laini, wallahi, kama ini. Lakini wanatembea wawili wawili. Ukichukua mmoja, yule mwingine anabaki hapohapo kichakani anapiga kile kimlio chake siku nzima. Baba alisema ile sauti inamharibia chakula. Akimchukua ni kwa ajili ya mgonjwa tu, na mafuvu alikuwa akiyafukia, asitapanye mifupa kama fisi."

Hapo ndipo chakula kilipoingia. Sinia kubwa la wali na nyama ya mbuzi kwa wote, na pembeni bakuli dogo la Ayeeyo, nyama imechemshwa mpaka inajiachia. Ayeeyo, kwa mapenzi, akanisogezea bakuli lake. "Kula, abaayo, binti yangu, una mifupa mitupu kama waya wa redio yako." Nikala. Ilikuwa laini kama ini. Nikafika mfupani.

Mwembamba kama kalamu.

Sasa, uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo sana. Ningeweza kuurudisha bakulini. Badala yake, wanawake walipogeuka kunawa mikono, niliufuta, nikauzungushia tishu, nikautia mkobani. Sikuwa na nia ya kumshtaki mtu. Nilitaka kujua tu. Mtu akiwa na jino bovu ulimi hautulii, na mimi ndivyo nilivyo na swali.

Mnajua kilichofuata. Nje, Adeer Salat alizungumza vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia, Mzee Bare akakubali, Fatiha ikasomwa, wanawake wakapiga vigelegele, mtu akaniita, "Hodan, pete!" nami nikainuka kwa madaha, nikapiga magoti mbele ya Ayeeyo, aliye mkubwa wa nyumba, nikatoa tishu, nikaiweka kiganjani mwake.

Ayeeyo akafungua. Akaupapasa. Akaunusa.

"Hii ndiyo dhahabu ya Garissa siku hizi?" akauliza, kwa ile sauti yake.

Vigelegele vikakatika. Nje ya pazia Adeer Salat akacheka, akidhani ni utani wa bibi. Lakini mama yake Fardosa aliinama akaangalia, akaniangalia, akasema polepole, "Hodan, huu ni mfupa wa chakula chetu. Umeuweka wa nini?"

Hapo ningeweza kusema nilichanganyikiwa, kwamba nilikuwa nimeuokota niutupe. Uongo wa namna hiyo unasamehewa kabla haujamaliza kusemwa. Ila nikiogopa huwa naeleza mambo kwa mpangilio, kama taarifa ya habari. Nikaanza na unene wa mfupa. Nikaja kwenye kiungo. Nikataja (Mungu anisamehe) sanduku la afisa wa wanyamapori. Nikamalizia kwa kusema kwamba sina hakika, ni kujifunza tu, na huenda ni digidigi.

Pazia likafunguka. Mzee Bare alikuwa amesimama hapo, na nyuma yake wanaume wote, Mahad akiwa wa mwisho na uso kama jivu.

"Rudia," aliniambia.

"Adeer, mimi nilitaka tu..."

"Nina ngamia wenye alama yangu kutoka hapa mpaka mpakani. Unasema siku ya kuposwa binti yangu nimewalisha wageni mnyama asiye na alama? Nyama isiyokuwa na mwenyewe?"

"Si kwa wageni, Adeer, ni bakuli la Ayeeyo peke yake," nikasema, nikidhani nasaidia.

"Funga mdomo, Hodan," Adeer Salat akanong'ona. "Kwa ajili ya marehemu baba yako, funga."

Wakati huo nikamwona Yussuf. Yussuf ni kaka mkubwa wa Fardosa, na kazi yake (nilikuwa nimesahau, au nilikuwa sikufikiria) ni askari wa hifadhi ya jamii, wale vijana wanaolipwa kuwalinda swala wasiwindwe. Alikuwa ameshika birika la chai. Birika liliinama kidogo mkononi mwake, chai ikawa inamwagika kwenye mkeka, na hakuna aliyeangalia mkeka isipokuwa mimi.

Mzee Bare akasema posa imekwisha, twende zetu. Mahad hakujitetea, alikwenda kuvaa viatu tu, na kumwona kaka yangu akihangaika na kamba za viatu kuliniumiza kuliko maneno yote. Ndipo Fardosa akachungulia kutoka chumba cha ndani, ambako mwali hapaswi kutoka siku kama ile.

"Samahani," alisema. "Mfupa nimeusikia. Pete je, wamekuja nayo?"

Ayeeyo Dhahabo akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Mmoja akamfuata, kisha wawili, na Mzee Bare akajikuta yuko peke yake na hasira zake. Ayeeyo akaufunga mfupa kwenye pindo la shali yake, fundo kabisa, akasema, "Bare, hakuna wa kuvunja Fatiha hapa. Umetukanwa, chukua haal."

Haal ndiyo fidia yetu ya heshima iliyovunjwa. Wazee wakakaa tena, na ikaamuliwa haraka: mbuzi mmoja mzima, na si Adeer Salat wa kumtafuta, ni mimi, nimvute mwenyewe kwa kamba kutoka sokoni mpaka mlangoni, mchana ule ule.

Sijui habari zilifikaje sokoni kabla yangu. Mwuza mbuzi aliniuliza kama nataka kumpima mifupa kwanza. Mama mmoja wa maziwa akapaza sauti, "Hodan wa redio! Huyo ana alama, au umemwokota kichakani?" Mbuzi mwenyewe alikataa kutembea mbele ya msikiti, akalala chini kama mgomaji, wanaume waliokuwa wakitoka sala ya Alasiri wakanizunguka wakinishauri, kila mtu na lake, na hakuna aliyeshika kamba. Nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope.

Akachinjwa palepale, na pete ikamfikia Fardosa hatimaye. Mzee Bare mwenyewe akanipa muundi. "Kula," alisema, "halafu utangaze." Nikala mbele yao wote, na nilipofika mfupani nikauangalia (ndiyo, bado, ningefanyaje?). Ulikuwa mnene kama kidole gumba. Lakini huyo alikuwa beberu mzima, na mtoto wa mbuzi, ambaye watu wengi humchinjia mgonjwa au mzee asiye na meno, sijawahi kuuona mfupa wake ukiwa mtupu, kwa hiyo sijui kama nao si mwembamba kama kalamu.

Tulipokuwa tukipanda gari Yussuf alinifuata.

"Ulipiga picha?"

"Hapana."

"Wallahi?"

"Wallahi, walaal, ndugu yangu."

Akatikisa kichwa, akaangalia upande wa vichaka. "Ayeeyo alikuwa anaumwa," alisema. "Daktari alisema ale nyama laini." Nikangoja aendelee. Akafunga mlango wa gari, taratibu, akarudi ndani.

Harusi ilifanyika hapa mjini, Alhamdulillahi, na Fardosa akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu ndiye wifi yangu, ficheni sahani." Mimi nimeapa kwamba nikialikwa nitakula kinachowekwa mbele yangu na mkoba wangu utabaki kwenye gari. Kipindi kilirushwa hewani. Masharti ya baba yake Ayeeyo nimeyataja yote, ya maji, ya jike, na ya wawili wawili, bila kumtaja mtu wala mji.

Ila siku ya harusi Ayeeyo aliniita karibu, akafungua fundo la shali kwa ufizi, akanirudishia mfupa. "Mali yako," alisema, na nilipomwuliza ni wa nini akanijibu kwamba hasikii vizuri. Sasa uko mezani kwangu, ndani ya kikombe, katikati ya kalamu. Yule afisa hupita ofisini kwetu mara kwa mara, na angeutambua kwa kuushika tu. Juzi aliazima kalamu. Nilimpa ya mkononi mwangu, kabla hajakifikia kikombe.