Masikio Yaliyowaka Kehancha

Marehemu mume wangu, Caleb Masese, alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi moja ya serikali mjini Homa Bay. Mwaka 1966 alitengeneza filamu fupi ya kuwahimiza wafugaji waogeshe mifugo yao kwa dawa ya kupe. Bado wapo wanaosema aliitumia kuiaibisha nyumba ya Mniko. Mimi nilikuwepo, nami nitaeleza.

Ng'ombe wa filamu ile alichorwa kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyotangulia, mpaka akatembea. Alikuja amekonda, kupe wamemjaa, akaingia katika josho la kweli lililopigwa picha kwa kamera. Alipotoka aling'aa. Mng'ao huo Caleb aliutia juu ya mkanda wenyewe: alikwaruza weusi wa filamu kwa sindano ya kushonea, mwanga wa mashine ukapata kupenya. Homa Bay walishangilia.

Kisha tukaipeleka Kehancha. Mniko, mfugaji mwenye heshima zake, aliombwa kuieleza kwa Kikuria kwenye kipaza sauti. Mchana tulifunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, tukamwonyesha kwanza yeye. Uso wa ng'ombe mgonjwa ulipojaa ukutani, akasimama.

"Zima!"

Caleb akazima.

"Masikio hayo umeyatoa wapi, bwana Caleb?"

"Sokoni hapa, mzee. Nilimwona ng'ombe mmoja, nikapenda mikato ya masikio yake. Ina umbo zuri."

"Umbo! Hiyo ni alama ya nyumba yangu. Baba yangu alikata hivyo hivyo."

Caleb, mtu wa Kisii, alikuwa ameona pambo. Kwa watu wa pale, mikato ile ilimtaja mwenye ng'ombe waziwazi kama jina lililoandikwa.

"Wakwe zangu wa Kegonga wanakuja jioni hii," Mniko akasema. "Kesho wanachagua ng'ombe wa mahari ya mwanangu. Mimi nishike kipaza sauti niwatangazie kwamba wangu wana kupe?"

"Nitakata kipande hicho, mzee."

"Ukikikata, ng'ombe hafiki joshoni," nikamwambia. "Filamu itakuwa haina maana."

Mniko akanigeukia. "Mama Jedidah, wakiondoka bila ng'ombe wangu, jina la Masese nitalitangaza mpaka Homa Bay."

Jina hilo ndilo wanangu walilobeba. Nikamtazama Caleb, ambaye alikuwa ameshika sindano.

"Sindano haichori upya," akasema. "Inapitisha mwanga tu."

"Basi masikio yawake, mikato isionekane," nikasema.

Nikanyoosha mkanda juu ya kitambaa safi, yeye akaweka kioo cha kukuzia na kukwaruza masikio, picha kwa picha. Angezidisha nguvu, mkanda ungepasuka. Mniko alivuta kiti mlangoni, fimbo kati ya magoti, akatungoja. Nje jenereta ikaanza tena kunguruma, na watu wakaanza kujaa uwanjani. Mara sindano ikateleza ikachimba jicho la ng'ombe. Caleb akafumba macho, kisha akaendelea.

Giza lilipoingia, ng'ombe mgonjwa alijitokeza kwenye shuka nyeupe, masikio yakiwaka kama makaa. Mzee mmoja wa Kegonga akapaza sauti:

"Mkwe, ng'ombe huyo ni wa nani?"

Nilisikia Mniko akivuta pumzi ndani ya kipaza sauti.

"Wa serikali! Wewe umeshaona ng'ombe wa mtu anayewaka masikio?"

"Na jicho je, mbona linametameta?"

"Hilo ni la kukutafuta wewe ulipe kodi!"

Uwanja mzima ukacheka, hata wakwe.

Kesho yake wakwe wale waliingia bomani kwa Mniko. Walipekua ng'ombe mpaka nyuma ya masikio, hawakupata kupe, wakachagua, wakawaswaga kwenda kwao. Ndipo Mniko akampa Caleb mkono mbele ya watu wote.

"Siku nyingine ukitaka kuchora," akamwambia, "anzia kwangu. Nitakuonyesha masikio yasiyo na mwenyewe."