Pembe ya Upande wa Udongo

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Masisi, mwishoni mwa miaka ya arobaini, Bwana Administratere, Mbelgiji mkuu wa wilaya, aliweka pembe ya tembo mezani akaniuliza ni ya kuume au ya kushoto. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni na mwandiko wangu mzuri, pembe sikuijua. Alicheka, kisha akanifundisha. Pembe ikiletwa, karani anaipima kwenye mizani, anagonga namba karibu na shina kwa nyundo na chuma, anaiandika katika buku, na aliyeileta anapewa karatasi. Pembe isiyo na chapa ilihesabiwa ya wizi. Na tembo akiuawa kwa kuharibu mashamba, mwindaji hana kosa, ila pembe zote mbili ni za Serikali.

Baadaye nilihamishiwa Walikale. Huko watu walikuwa na sheria yao ya zamani zaidi: pembe iliyogusa udongo tembo alipoanguka ni ya Mwami, chifu mwenye ardhi. Wawindaji wengi walituletea moja, ya pili wakampelekea yeye kimyakimya. Mimi ni mtoto wa milima hii, desturi hiyo naijua, na nilivimba kichwa kwamba hakuna wa kunidanganya.

Ndipo akaja Papa Kanyere, mkulima wa upande wa Kalembe. Tembo aliingia katika migomba yake, naye akamuua kwa mkuki, kisha akatembea siku mbili na pembe moja begani. Sikuinua hata uso. Niliandika: pembe ya upande wa udongo imefichwa. Bwana Administratere wa huko alisoma mstari huo, na Papa Kanyere akatiwa gerezani kungoja hukumu.

Mke wake alinifuata barazani. Hakulia.

"Kichwa ya ule tembo iko mu shamba yetu," aliniambia. "Enda uione."

Maneno yake yalinikosesha raha. Niliomba ruhusa nikaenda. Kwenye fuvu, shimo la pembe ya kuume lilimeza mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Upande wa kushoto palikuwa mfupa mtupu, bila shimo; tembo yule alizaliwa na pembe moja. Niliwaomba wanaume wanne walibebe fuvu kwa miti hadi Walikale.

Bwana Administratere alilipapasa mwenyewe, kisha akafungua buku.

"Karani, huu mustari njo weye uliandika?"

Ningeweza kusema mwindaji hakujieleza. Nilijibu kwamba niliandika mimi, na nimekosa. Nikaukata kwa wino mwekundu mbele yake, nikatia sahihi pembeni. Katika kazi yangu yote, hakuna kitu ninachojivunia kuliko mkato ule.

Papa Kanyere alipotoka gerezani nilimwomba msamaha. Alipokea karatasi yake, akaikunja.

"Papa Karani, ile siku ya kwanza nilikuwa na kinywa," alisema. "Haukuniuliza."

Akaondoka na mke wake.

Vijana huniuliza kama sheria ile ya Serikali iliwalinda tembo kweli. Mara nyingine ililinda pembe kuliko tembo, siwafichi. Lakini kwenye meza yangu haikumfunga tena asiye na kosa. Nilipostaafu, mkubwa wangu wa mwisho aliandika katika barua kwamba nilikuwa mwaminifu, ila mzito mno: kila mwindaji alikaa kwenye benchi yangu nusu ya asubuhi akisimulia. Alidhani ananilaumu. Barua hiyo nimeitundika sebuleni.