Siku Nyoka wa Mama Mwenye Nyumba Walipokula Sinia Moja

Guangzhou hii nimeona mengi. Nimeona mchukuzi amebeba robota la nguo kubwa kuliko chumba nilichozaliwa, anakatiza nalo barabara ya Guangyuan Xilu huku anabishana na mkewe kwenye simu. Lakini siku mama mwenye nyumba alipofungua kikapu chake cha sokoni akaniwekea nyoka wawili juu ya meza ya kulia, nilijikuta nimesimama juu ya friji. Nilipandaje, mpaka leo sijui. Kushuka walinitafutia ngazi.

Wenyewe wembamba kama kamba za viatu, rangi ya chungwa lililoiva, kila mmoja ndani ya boksi lake la plastiki lenye vitundu. Mama mwenye nyumba, bibi mfupi mwenye sauti ya kipaza sauti, alikuwa anasafiri kwenda mkoani kumlea binti yake aliyejifungua. Wao nao wana arobaini yao, mzazi hatoki ndani mwezi mzima. Akaongea Kichina kwenye simu, simu ikatafsiri: "Nyoka wa mahindi. Hawana sumu. Bado watoto. Wanangu hawa."

"Wanao?" nikamuuliza kutoka kule kule juu.

Ila tungekataa vipi? Mtaa wa Sanyuanli tuliuzunguka mpaka soli zikaisha, kila mwenye nyumba akiona pasi zetu za kusafiria anapunga mkono, bu yao, sitaki. Ni bibi huyu peke yake aliyetufungulia mlango. Nyoka wake wakipatwa na jambo, mimi na mwenzangu tungeenda kulala juu ya marobota yetu ya biashara.

Mwenzangu ni mtu wa Unguja, mkubwa kwangu, namwita Dada. Yule bibi alitunyooshea vidole viwili, akavitenga, kimoja kaskazini kimoja kusini. "Mbali mbali," simu ikasema. "Siku zote mbali mbali." Tukaitika. Kwa nini mbali mbali, hatukuuliza, maana hapo hapo alifungua friji yetu akaingiza mfuko wa panya walioganda.

"Astaghfirullahi!" Dada akashika kichwa. "Panya na vibua vyangu, friji moja?"

Siku za mwanzo Dada alikuwa anapita sebuleni kajifunika shuka gubigubi, utasema nyoka wanamdai. Mimi ndiye niliyewalisha, koleo mkononi, macho nimefumba, kila mmoja na kipanya chake kilichoyeyuka. Halafu asubuhi moja nikasikia Dada ananiita.

"Njoo uone, mwanangu! Kimelala ndani ya kifuu cha nazi!"

Kweli, ndani ya kila boksi kulikuwa na kifuu cha kujifichia, na kichwa kinachungulia kama jirani mmbea.

"Kumbe hawa watu wa kwetu," Dada akasema.

Basi, uoga ukaisha. Akawa anawasalimia kabla yangu. "Mmeamkaje, wanangu?" Maji anabadilisha yeye, panya anayeyusha yeye, mimi salamu naletewa baadaye. Ila kitu kimoja kilikuwa kinamkera.

"Ndugu hawa," akawa ananung'unika, "kila mtu na nyumba yake, kila mtu na sahani yake. Ndiyo malezi gani? Hata jela watu wanakaa pamoja."

"Dada, tumeambiwa mbali mbali."

"Miye nimekula sinia moja na ndugu zangu wanane, na mpaka leo tunapendana."

"Si mlikuwa mnagombania ukoko?"

"Tuligombania. Nani alimezwa?"

Nikaenda zangu sokoni.

Narudi jioni, niko ngazini ghorofa ya tatu, na sisi tunakaa ya saba, nikasikia ukelele. Ukelele ule, nakuapia, kule Pazhou kwenye maonyesho ya biashara wanunuzi waliangusha sampuli. Ghorofa nne zilizobaki nilizipanda kwa pumzi moja na mzigo wangu kichwani.

Nafungua mlango, Dada yuko juu ya friji. Zamu yake sasa. Chini, katikati ya sebule, sinia letu la pilau. Juu ya sinia, panya mmoja mkubwa. Na nyoka wote wawili.

"Nimewawekea mmoja mnene wagawane!" analia. "Na Bismillahi nimewasomea!"

Wamegawana kweli. Mmoja kaanzia kichwani, mwenzie kaanzia mkiani, wanameza, wanasogeleana. Pale katikati panya amebaki upana wa ukucha. Na mmoja, aliyemzidi mwenzie unene kidogo, hana habari ya kusimama. Mdomo umepanuka kama begi la safari, unaisubiri pua ya nduguye.

"Anamla! Anamla ndugu yake!"

Nikampigia bibi kwa video, nikaielekeza simu kwenye sinia. Akaona. Akapiga Kichina cha kasi mpaka simu ikashindwa kutafsiri. Halafu akainua vidole viwili, akavifunga na kuvifungua. Mkasi.

Mkasi ninao, wa kukatia kamba za marobota, ungeweza kukata meli. Nikaushika. "Nikate nyoka?"

Bibi akajipiga kofi la uso. "Panya!" simu ikapata sauti. "Kata panya!"

Nikapitisha ncha kwenye ule upenyo, nikakata. Kila mmoja akarudi nyuma na nusu yake, wala hawakuangaliana, kama watu waliogombana harusini.

Dada akashuka. Mtu aliyekuwa anajifunika shuka akawaokota kwa mikono mitupu, machozi yanamtoka, akawarudisha kila mmoja kwake. Nilipogeukia simu, bibi ameshakata.

Hakupiga tena. Kila tukimpigia, kimya. Dada akaanza kukunja nguo zake kwenye sanduku, na mimi nikaanza kuuliza vyumba kwa watu wa kago wanaotusafirishia mizigo. Bu yao, bu yao.

Mwezi ulipoisha bibi akagonga. Hakutusalimia. Akaenda moja kwa moja kwenye maboksi, akawatoa mmoja mmoja, akakagua mdomo, akapapasa tumbo. Halafu akaongea, simu ikauliza: "Nani aliwakutanisha?"

Dada akanyoosha mkono kama mtoto wa darasani.

Bibi akamtazama sana. Akasema maneno machache, polepole.

"Niliwanunua watatu," simu ikasema.

Jamani. Nywele zilinisimama, za kusuka na za kwangu. Dada akakaa chini sakafuni.

Bibi akamwinua, akalinyooshea kidole lile sanduku la nguo la Dada. "Fungua. Kaeni hapa hapa." Akayapanga maboksi, moja huku, moja kule, akashuka kwake, akarudi na samaki mzima wa mvuke kwenye sahani moja kubwa, akaiweka katikati yetu sote watatu, akatugawia vijiti.

Tukaanza kula. Mimi nikakamata mnofu mmoja mrefu, nikavuta, haukuja. Kuangalia, upande wa pili vijiti vya Dada vimeushika.

Tukatazamana. Wote tukaachia.