Mwiko wa Bibi na Nyati wa Baba

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili kule Kikwe, baba yangu hakutegemea migomba kama jirani zetu. Alisoma nyayo. Kila kiangazi kampuni ya uwindaji ilimchukua awaongoze wageni wenye bunduki kwenye nyika za magharibi ya Mlima Meru. Kiunoni alining'iniza soksi iliyojaa majivu. Akiitikisa, anaona upepo unakoelekea, maana mnyama akishapata harufu yako kazi imekwisha.

Mwaka ule mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu Elibariki. Asubuhi baba akifunga mzigo, bibi, mama yake, alikuja kumkumbusha kwamba mwanamume ambaye mkewe ni mjamzito hamwagi damu porini. Bibi alikuwa Mlutheri asiyekosa ibada, lakini mwiko huo hakuuacha. Baba alimjibu kwa upole kwamba yeye hapigi risasi, anaonyesha njia tu.

"Damu haiulizi nani alionyesha," bibi akasema.

Baba akaenda.

Alirudishwa kabla ya msimu kwisha, paja limeshonwa. Mgeni alikuwa amemjeruhi nyati dume, na nyati huyo akajitosa kichakani. Nyati wa namna hiyo huzunguka, akavizia kando ya njia yake mwenyewe, na baba alilijua hilo vizuri. Siku zote aliwazuia wageni wangoje mpaka mnyama alegee. Siku hiyo hakungoja. Alimwazia mama, akataka kazi iishe mapema, akaingia kichakani na nyati akamchoma pembe pajani.

Bibi hakumsuta. Alimkanda mguu kwa maji ya moto, na mama alipojifungua, sufuria moja ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, iliwalisha mama na baba.

Nilipokua nilimuuliza baba kama aliamini mwiko ule.

"Nyati hakujua kwamba mama yako ana mimba," alisema. "Mimi ndiye niliyejua."

Alipopona alirudi porini, safari hii kulinda wanyama dhidi ya majangili. Mama alipobeba mimba nyingine, baba aliomba likizo bila kuambiwa na mtu.

Siku hizi naishi mjini, mtaa wa Sakina, na bado nauwaza mwiko ule. Zamani, wanaume wengi walipowinda, mimba haikukosekana kijijini. Kwa hiyo daima palikuwa na mwindaji aliyekaa nyumbani na mkewe, na huko msituni mnyama naye akapata nafasi ya kuzaa.