Bega la Kushoto, Mbele

Kazi ya mawe nilifundishwa na Mtaliano. Watu wetu wa hapa Wheaton, Amerika, wanapenda kuniuliza nilisomea wapi, nami huwajibu wazi: sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu, huko Usambara, nikachunga ng'ombe wa mjomba. Amerika nilikuja nikiwa dereva wa ofisa wa ubalozi. Ofisa akamaliza muda wake akarudi, mimi nikabaki. Visa ikaisha. Hilo naliandika mwanzoni ili yanayofuata yaeleweke, maana kwa miaka mingi sikumwambia mtu yeyote isipokuwa mke wangu.

Mtaliano huyo, niliyemwita Mzee, alinikuta nikibeba kokoto kwa mtu mwingine. Akatazama ukingo wa bustani niliokuwa nimeupanga kwa mawe, akaupiga teke, haukusogea. "Kesho uje kwangu," akasema. Makaratasi hakuniuliza. Miaka ilipopita akaja kuuliza, nikamwambia ubalozi ulishanitengenezea kila kitu. Niliongopa kwa sababu alikuwa na tabia ya kujipiga kifua kwamba yeye aliingia nchi hii kwa mlango wa mbele, barua mkononi, na kwamba hawezi kula meza moja na mtu aliyejipenyeza. Na mimi nilikuwa nakula naye kila siku ya kazi. Mkate, jibini, kitunguu kibichi.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaishia nilikuwa na mafundi wangu sita na pikapu mbili. Yeye alikuwa ameacha kazi, magoti yamekwisha, lakini alikuja kwenye kazi zangu kunitukana.

"Huo ukuta umeujenga au umeutapika?"

"Mzee, kaa kivulini."

"Nitakaa ukishaubomoa."

Nami nilibomoa. Mara zote alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi.

Wakati wa chakula alisimulia habari za kwao. Ni milimani, vijiji vinatazamana ng'ambo ya bonde, na kila kijiji kina sikukuu yake yenye chakula chake. Hawa wanasherehekea maharage, wale vitunguu, wale nyama ya kondoo ya vijiti, na wa juu kabisa wanasherehekea njugu fulani za msituni wanazokaanga kwenye sufuria yenye matundu. Kiangazi kizima watu wanatoka kijiji hiki kwenda kile, asubuhi kwenda, jioni kurudi, kwa lori la mtu au kwa miguu, wakila na kukosoa. Kukosoa ndiyo sherehe yenyewe, alisema. Maharage ya jirani lazima yawe yamezidi chumvi. Nilicheka, maana hata sisi Usambara tukienda harusi ya mlima wa pili tulirudi tukiusema wali wao njia nzima.

Ila sikukuu ya kijiji chake mwenyewe hakuitania. Ni Agosti. Wanambeba mtakatifu wao, sanamu ya mbao nzito, juu ya miti miwili, wanaume wanane, na kila nafasi chini ya miti ile ni ya nyumba fulani. Nyumba yao ilikuwa na bega la kushoto, mbele, tangu kabla babu yake hajazaliwa. Mwenye nafasi akizeeka anaruhusiwa kuleta mtu wake, awe mwana au fundi aliyemfunza, wa kimo chake, abebe. Yeye anatembea pembeni, mkono begani kwa yule mtu, kijiji kizima kinaona. Mtu wa kuazima kutoka nyumba nyingine hakubaliki. Asiye na mtu anasimama ukutani pamoja na wanawake. Na nafasi ikikosa mtu mwaka wa tatu mfululizo, siku hiyohiyo inahamia nyumba nyingine, hurudishiwi tena.

Mwaka mmoja ulikuwa umeshapita, ule aliopasuliwa goti. Alikuwa na binti mmoja tu. "Na mkwe wangu mfupi kama ndoo," alisema. "Atambebaje mtakatifu? Atamwangusha upande."

Siku hiyo akaniita nisimame kando yake. Akachukua ubao wa jukwaa, akauweka begani kwangu na begani kwake, akamwita fundi mmoja aweke pima maji juu. Kiputo kilikaa katikati. Mafundi wakapiga makofi wakidhani ni mchezo.

"Umeona?" akaniambia. "Agosti twende wote. Tiketi juu yangu."

Mimi ni Mlutheri, sanamu hatubebi. Lakini yule ningembeba hadi mlimani na kurudi. Shida haikuwa sanamu. Mtu asiye na makaratasi akitoka nchi hii, kurudi hakuna, na mimi nilikuwa na mke na watoto watatu shuleni. Ningeweza kumwambia sentensi moja tu hiyo. Nikasema, "Agosti kazi ni nyingi, Mzee."

Nyumbani mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Nilipomweleza aliacha ungo.

"Mwambie ukweli, Baba."

"Nimwambie mimi ni mtu wa kujificha?"

"Si ndivyo ulivyo?"

"Mama, usinivunjie heshima nyumbani kwangu."

"Heshima ipi? Unamfanya yule mzee aone umemkataa, ili wewe uonekane una pesa za kuhesabu."

Nilitoka nje nikaosha pikapu ambayo haikuwa chafu.

Nikajitafutia njia ya kumlipa bila kusema. Jumamosi nikawa namchukua asubuhi, tunakwenda mashambani, kupita mji wa Manassas na kuendelea, popote palipokuwa na sherehe ya watu wa huko. Nchi hii nayo ina sikukuu za vijijini ukizitafuta. Tulikwenda ya matufaha, bibi mmoja akatuuzia maandazi yaliyokandwa kwa maji ya matufaha, Mzee akala manne kisha akasema yamezidi sukari. Tulikwenda ya maboga. Tulikwenda maonyesho ya kaunti, nguruwe wadogo wanashindanishwa mbio kwa ajili ya biskuti, naye akasimama juu ya benchi, na magoti yake yale, akimtukana nguruwe wa tatu kwa Kitaliano.

"Mtakatifu wao yuko wapi?" aliniuliza siku ya maboga.

"Hawana, Mzee. Wanasherehekea boga."

Akatazama lile boga kubwa lililofungwa utepe. "Hata boga hawalibebi," akasema. "Limeletwa na trekta."

Zilikuwa siku nzuri. Nasema nzuri, na sitaki mtu anifariji. Nilizitoa kama rushwa, na kila tulipokuwa barabarani nilikuwa na saa moja na nusu ya kumwambia, kwenda, na saa moja na nusu nyingine, kurudi. Niliongea habari za saruji.

Agosti ya pili ikapita, hakwenda.

Mwaka uliofuata, Juni, tulikwenda mji mmoja mdogo ambako zimamoto wa kujitolea walikuwa wanachoma kuku uwanjani. Mzee alikuwa anatembelea fimbo, na jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Saa sita kukapita maandamano: gari jekundu la zimamoto, wazee wa jeshi, halafu bendi ya watoto wa shule, ngoma mbele. Ngoma zilipotufikia nilisikia mkono begani kwangu. Bega la kulia, maana alikuwa amesimama upande huo. Akaangalia, akazunguka nyuma yangu na fimbo yake, akauweka upya, kushoto. Akaanza kutembea. Nami nikatembea. Tukaifuata bendi pembeni ya barabara, polepole, labda hatua thelathini, watu wakitupisha wakidhani nasaidia mgonjwa. Mkono wake ulikuwa mzito kama wa fundi anayejua jiwe limekaa.

Bendi ikakata kona. Tukasimama.

"Huu ni mwaka wa tatu," akasema. "Nakuomba mara ya mwisho. Siku nne tu. Sijakuomba kitu miaka yote."

Kweli hakuwahi. Mwiko wake wa kujengea alinipa bila kuombwa, wateja wake alinipa bila kuombwa. Maneno nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Nikamwona anavyoniangalia kwa lile jicho moja zima, kama anavyoangalia ukuta ulionyooka, na nikashindwa kuuangusha ukuta ule mbele yake.

"Nina kazi tatu Agosti, Mzee. Mafundi hawawezi peke yao."

Akaondoa mkono. Hakunitukana. Njia nzima nilingoja anitukane, hata nikaendesha vibaya makusudi, nikakata kona bila kuwasha taa. Alitazama dirishani. Nilipomshusha mlangoni alisema asante, neno ambalo hatukuwa tunatumia.

Agosti alikwenda na binti yake. Aliporudi hakuja tena kwenye kazi zangu. Nilipita kwake mara mbili. Mara ya kwanza tukaongea habari za hali ya hewa, mara ya pili binti akasema amelala. Kuta zangu za msimu ule hakuna aliyezitukana, na mbili kati yake hazikustahili kubaki zimesimama.

Alifariki majira ya baridi, kwa ugonjwa wa moyo. Tulimzika asubuhi, ardhi ngumu, mke wangu amevaa koti langu juu ya lake. Baada ya padri kumaliza binti akanijia. Alikuwa mwanamke mpole, tumefahamiana tangu akiwa msichana anayemletea baba yake chakula kazini.

Akaniambia habari za Agosti. Baba yake alikwenda mapema akasimama ukutani, kofia mkononi. Wenzake wa zamani walimwita aje hata atembee nao tu, akakataa, akasema mtu wake hajafika. Akasimama vilevile mpaka sanamu ikapita, kijana wa nyumba nyingine yuko chini ya mti, kushoto, mbele.

"Hajafika," nikasema.

"Ndivyo alivyosema." Akafuta pua. "Sikulaumu. Nataka kujua tu. Kwa nini hukwenda naye? Alikupenda kuliko sisi wote."

Mzee yuko chini. Hawezi tena kunidharau, hawezi kukataa kula nami. Binti hana meno ya kumng'ata mtu. Hapakuwa na sababu hata moja duniani ya kuendelea kuficha.

"Zilikuwa kazi," nikamwambia. "Msimu ule zilikuwa nyingi sana."

Akaitikia kwa kichwa, akanishika mkono, akaenda kwenye gari lake.

Mke wangu alikuwa amesikia yote. Tuliingia kwenye pikapu, nikahangaika na ufunguo kwa sababu ya glavu.

"Hata leo, Baba?" akauliza.

"Hata leo," nikamjibu.