Jina la Baba Halikuwa kwa Buku

Mama alikataa kunyolewa, na mambo yote ilianza hapo.

Baba alikuwa amefungwa jela ya Kitale miezi sita kwa sababu ya kutoroka kazi kwa shamba la mzungu kule Endebess. Hiyo miezi sita iliisha. Tukavuna mahindi mara moja, tukavuna mara ya pili, baba hakuna. Ndipo baba mdogo, yule ndugu anayemfuata, akaja kwetu na wazee wawili akasema mtu akipotea hivyo anazikwa kwa mgomba. Kwetu upande wa Bungoma ni hivyo. Mwili ukikosekana unakata mgomba, unaufunga shuka, unaulaza kaburini, watu wanalia kabisa, mke ananyolewa nywele. Halafu ndugu ya marehemu anamrithi. Baba mdogo alikuwa na haraka na hiyo ya mwisho, hata mtoto angeona.

Mama alikuwa anapepeta wimbi ya uji. Hakusimama.

"Mimi silii mgomba na mwenyewe pengine anatembea," alisema. "Nionyesheni mahali serikali imeandika ati amekufa. Nikiona, nyoeni."

"Nani atasoma hiyo maandishi?" baba mdogo akauliza. "Wewe?"

"Huyu." Akaninyooshea ungo.

Nilikuwa nimetoka shule ya misheni juzi tu, nimefika kidato cha pili, na nilikuwa naamini kitu ikiandikwa imekwisha. Wazee wakanipa siku nane. Sikungoja hata chai. Nilivaa kofia nikaenda, nikatembea mpaka Kimilili, na kutoka hapo nikapanda lori la magunia mpaka Kitale.

Karani wa jela alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na sauti ya taratibu ambayo ilinichosha. Nilimwambia nataka kuona buku ya watu waliotoka. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nataka buku.

"Kijana wa misheni," akasema, "hata salamu mlikatazwa huko?"

Nikamsalimu. Akafungua buku kubwa ya kifuniko cha ngozi, nikamwambia jina la baba. Akapitisha kidole polepole, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka mzima. Nilikuwa nasoma mbele ya kidole chake na nikaona kabla yake kwamba halikuwemo.

"Hayumo. Namba ya kipande chake waijua?"

Kipande ndiyo ile karatasi ya kazi, kila mwanaume alikuwa anaivaa shingoni ndani ya kibati kama kengele ya mbuzi. Ilikuwa na jina, alama za vidole, na sahihi ya kila mzungu uliyemfanyia kazi. Namba sikuijua.

"Basi rudi uulize nyumbani. Watu huingia hapa na majina yao wenyewe wayajua."

Nilidhani ni maneno ya kunifukuza. Nikarudi Bungoma na hasira, na mahali pa kwanza kufika ilikuwa kwa baba mdogo, kwa sababu boma lake liko karibu na barabara. Nikamwambia baba hakuandikwa kutoka. Akafurahi kwa uso wa huzuni. Akasema basi, Ijumaa tunazika.

Mama aliposikia, aliniita jikoni akafunga mlango, mchana kabisa, moshi ukatujaa.

"Ulitafuta jina gani?"

"La baba. Lingine gani?"

Akasema baba hakwenda Endebess na kipande chake. Miaka mingi kabla ya hiyo alikuwa ametoroka shamba lingine, mahali panaitwa Kwanza, na mzungu wa huko alikataa kutia sahihi ya kumwachilia. Kipande bila sahihi, hakuna mtu anakuandika kazi. Lakini baba mkubwa, kaka yao wa kwanza, alikuwa amekufa kwa kifua hapa nyumbani, na kipande chake kilikuwa safi. Kilipaswa kurudishwa kwa serikali. Mama alikuwa amekificha ndani ya chungu. Akakitoa, akamvalisha baba shingoni kwa mkono wake, na baba akaenda Endebess akiitwa jina la kaka yake. Alama za vidole zilikuwa za marehemu, lakini nani alikuwa anapima?

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulivaa kofia ukaenda." Akakoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Na hiyo kitu ni jela nyingine kwake kama anaishi. Ningeisema mbele ya baba yako mdogo?"

Nikarudi Kitale siku hiyo hiyo. Karani aliponiona hakucheka. Nikamtajia jina la baba mkubwa na yeye akalipata haraka, kama aliyekuwa anajua. Kulikuwa na safu ya kuingia, safu ya kutoka, na safu ya namna alivyotoka. Mstari wa juu yake ulisema kifungo kimekwisha. Mstari wa chini yake vilevile. Wake ulisema amekufa, kuhara damu, mwezi wa tatu wa kifungo.

"Lakini hii ni buku ya waliotoka," nikasema.

"Buku ni moja, mwanangu. Mlango pia ni mmoja."

Akaninakilia mstari huo kwa karatasi, akapiga muhuri. Aliniambia pole mara mbili. Nikakimbilia lori, nilikuwa nataka kufika kabla ya Ijumaa.

Mama nilimwambia kabla ya mtu mwingine. Hakulia hapo. Aliomba kitu moja. "Waambie tu amekufa Kitale. Wewe ndiye unasoma, wao hawajui kusoma. Jina usiguse."

Nilikuwa na majibu yangu. Nikasema karatasi ina muhuri, siwezi kusoma uongo juu ya muhuri wa serikali. Nikasema ukweli hauwezi kumdhuru mtu ambaye ameshakufa. Nilisema hivyo kweli, na nilijiona mtu mzima.

Ijumaa watu walijaa uwanjani, mgomba umeshafungwa shuka. Nikasimama nikasoma kila neno. Nilipofika kwa jina, mzee mmoja akacheka kidogo.

"Huyo si tulizika hapa hapa?" akasema. "Mimi nilibeba miguu yake. Ati amekufa tena?"

"Kijana amesoma mpaka amepita," mwingine akasema.

Ilibidi nieleze. Nikaeleza vizuri, kama hesabu, kipande cha nani, kilitoka wapi, kilivaliwa na nani. Sikusema nani alikivalisha. Baba mdogo ndiye aliuliza, na watu wote wakamwangalia mama, na mama akasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali. Yule mzee aliyecheka alisema polepole kwamba kitu cha shingo ya maiti hakivaliwi, hata shanga, hata uzi. Kila asubuhi huko Endebess mtu alikuwa anaitwa kwa jina la marehemu naye anaitika. Mwishowe ameitika huko kwa wafu alikoitwa. Na mwenye kumvalisha anajulikana.

Baba mdogo akarudi nyuma hatua moja. Akasema yeye hawezi kurithi mkono uliomuua ndugu yake. Na mke ambaye harithiwi, na kila mtu anamwogopa, hana boma. Wanawake waliokuwa wameshika wembe wakauweka chini. Mgomba ukazikwa, huku mke wa marehemu amesimama nyuma kama mgeni, na nywele zake kichwani.

Nilijaribu kusema ni kuhara damu, imeandikwa, ugonjwa wa maji machafu, tulifundishwa. Mzee akaniuliza wale wengine wa jela walikunywa maji gani.

Jumatatu nilimsindikiza mama kwa kaka zake, ng'ambo ya Kimilili. Alibeba jembe, chungu na shuka moja. Dada yangu mdogo walimzuia, walisema ni mtoto wa boma. Tulitembea mpaka jua la utosi. Halafu mama akauliza:

"Amelala wapi huko?"

"Nyuma ya jela, kwa mikaratusi. Karani alisema kuna vibao vya namba. Alitaka askari anipeleke."

"Uliona udongo umekaaje?"

Nikamwambia sikwenda. Lori la kurudi lilikuwa linapiga honi.

Akahamisha jembe bega la pili, akaendelea mbele yangu.